Msafiri na Swali Lake: Kwa Reli ya Kati Hata Kigoma

Msomaji wangu, watu wengi hudhani kwamba safari huanza stesheni, honi inapolia na behewa linapoanza kutikisika. Mimi naona kwamba safari huanza mezani, juu ya ramani, siku nyingi kabla ya kukata tikiti. Na ikiharibika, mara nyingi huharibikia hapo hapo mezani. Katika insha hii nataka kukueleza namna nilivyoiharibu safari moja na namna nilivyoitengeneza ya pili. Zote mbili zilikuwa katika njia moja, yaani Reli ya Kati ya Tanzania, itokayo Dar es Salaam hata Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kwetu sisi wa Kenya hiyo ni nchi nyingine, yenye mpaka na fedha yake. Lakini historia yake imeshikana na yetu zaidi ya wengi wetu tunavyojua.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, wenzangu watatu nami tuliweka akiba mwaka mzima ili tukaone nchi ya jirani. Tulikaa usiku mmoja tukaandika orodha ya mahali pa kutazama. Kila mmoja alitaja alichowahi kukisikia, na hakuna aliyekubali chake kifutwe. Orodha ilipokwisha ilikuwa na mahali 23, na sisi tulikuwa na siku tisa tu. Basi tukawa watu wa kukimbia. Tulifika mahali, tukapiga picha, tukatazama saa, tukaondoka. Gari letu lilipita Tabora usiku, na sote wanne tulikuwa tumelala fofofo. Tulirudi tumechoka, mifuko mitupu, na picha nyingi ambazo baada ya mwezi mmoja hatukukumbuka zilipigwa wapi.

Mwalimu wetu wa historia, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alituita akatuuliza, "Mlikwenda kutafuta nini?" Tukamsomea orodha yetu kwa fahari. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Hayo ndiyo mliyoyaona, wanangu. Mimi nimeuliza mlichokuwa mkikitafuta." Hatukuwa na jibu, na aibu ya siku ile ndiyo iliyonifundisha kupanga safari.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: kabla ya kuandika jina la mahali popote, andika swali moja juu ya karatasi. Liwe swali lako mwenyewe, ambalo kwa kweli unataka kulijua. Utakapokuwa nalo, orodha itajipunguza yenyewe, kwa kuwa utauliza kila mahali: je, hapa patanisaidia kujibu?

Swali langu nililipata nyumbani kwetu Ukambani. Baba wa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo ya vita, wala hakurudi. Jamaa yake mmoja aliyerudi alisema kwamba walikuwa pamoja Dodoma, kwamba mvua ilikuwa nyingi, na kwamba walipoagana mwenzake alikuwa mgonjwa. Hayo tu ndiyo yaliyobaki katika ukoo wetu. Nilipoyasikia tena baada ya kuwa mwalimu, nilistaajabu kwamba niliwahi kupita Dodoma kwa gari la moshi nikiwa na orodha ya mahali 23, wala Dodoma haikuwamo. Basi nikaandika juu ya karatasi mpya: Ni nani waliobeba mizigo katika njia hii, na wamekumbukwaje?

Kanuni ya pili ni kuisoma njia kabla ya kuipita. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani huko Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuu. Urefu wake ni yapata kilometa 1,250. Sasa chukua ramani ya reli hiyo uilinganishe na ramani ya njia za misafara ya karne ya 19. Utaona kwamba kwa sehemu kubwa zinafuatana: kutoka pwani hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji. Miguu ya watu ilitangulia, chuma kikafuata.

Miguu hiyo ilikuwa ya akina nani? Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa kazi ya upagazi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa yapata kilo 30: pembe za ndovu wakati wa kuja pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba wakati wa kurudi bara. Wengine walioipita njia hiyo hawakuipita kwa hiari. Walikuwa watumwa waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa katika soko la Unguja, mpaka soko hilo lilipofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857. Walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Vitabu huandika kwamba wao ndio waliolivumbua ziwa. Lakini walipofika, walikuta njia iliyokwisha kukanyagwa miaka mingi, na miongoni mwa waliowaongoza alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akapata uhuru wake, akarudi Afrika.

Ukisoma mambo haya kabla ya safari, dirisha la behewa huwa kama ukurasa wa kitabu. Pori lile lile ambalo mara ya kwanza lilinitia usingizi, mara ya pili lilinikesha. Kila lilipopita korongo kavu nilijiuliza walipata wapi maji.

Labda utaniuliza, "Mwalimu, kwa nini tusipande gari papa hapa Nairobi mpaka Dar es Salaam?" Ni swali zuri, na jibu lake ni historia pia. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918 Waingereza walijenga reli kutoka Voi, kupita Taveta, hata Kahe, ili jeshi lao liingie katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Huko iliungana na reli ya Tanga. Mwaka 1963 reli ya Tanga nayo iliunganishwa na Reli ya Kati, kati ya Mnyusi na Ruvu. Kwa hiyo palikuwa na njia moja ya chuma kutoka kwetu hata kwao. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, wala haukufunguliwa hata mwaka 1983. Njia ile ya Voi na Taveta ilififia ikafa. Hii ndiyo sababu msafiri wa leo kutoka Kenya hupanda basi mpaka Dar es Salaam, ndipo apande gari la moshi. Tazama jinsi hata tikiti ya basi ilivyo na historia ndani yake.

Kanuni ya tatu ni kuchagua, na kuchagua ni kuacha. Hapo ndipo moyo huuma. Hebu tupite pamoja kituo kwa kituo, uone nilivyochagua mimi.

Dar es Salaam kuna mengi. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa yamehifadhiwa mabaki ya fuvu la kale lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959, ambalo lilipewa jina la Zinjanthropus. Ni hazina ya dunia nzima. Lakini halikuwa jibu la swali langu, basi nikaliacha kwa safari nyingine. Badala yake nilikwenda kwa miguu mpaka Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya mji kwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika vita. Nilisimama pale muda mrefu. Aliyechongwa ni askari peke yake, ameshika bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini. Sisi tuna sanamu ya namna hiyo Nairobi, iliyosimamishwa mwaka 1928, nayo ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Nenda ukamtazame, wengi wetu humpita kila siku bila kumjua.

Kutoka hapo nilikwenda Kariakoo. Huenda ukadhani ni soko tu, lenye kelele na bidhaa za kila aina. Lakini jina lenyewe ni neno la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi zetu, nalo lilikuwa jina la kikosi cha wapagazi wa vita, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Kariokor yetu ya Nairobi ina asili hiyo hiyo. Miji miwili, nchi mbili, jina moja, na wanunuzi wa vitunguu na nguo wanalitaja kutwa bila kufahamu wanamtaja nani.

Bagamoyo haiko katika reli. Iko kaskazini ya Dar es Salaam, yapata kilometa 70. Kwenda huko kulinigharimu siku nzima, nami sikujuta, kwa kuwa ndiko misafara ilikoanzia na kuishia. Huko, mwezi wa Februari 1874, walifika Chuma na Susi pamoja na wenzao, wamebeba maiti ya David Livingstone. Alikuwa amekufa mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, nao walimbeba zaidi ya kilometa 1,500, wakapita Tabora, ili azikwe kwao. Livingstone alizikwa London kwa heshima kubwa. Ukisimama Bagamoyo katika misheni ile ya kale, ambako maiti iliwekwa kabla ya kuvushwa Unguja, jiulize ni wangapi kati ya waliobeba unaoweza kuwataja kwa majina.

Kisha nikapanda gari. Morogoro niliipita nikiitazama milima yake ya Uluguru kwa dirishani, nikaiaga. Niliteremka Dodoma.

Kwa wageni wengi Dodoma ni mji wa serikali, kwa kuwa mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi. Mimi nilikuwa na sababu nyingine. Jeshi la upande wa Waingereza liliiteka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na Morogoro mwezi wa Agosti. Wajerumani walirudi kusini, wakivunja madaraja ya reli nyuma yao. Tangu hapo Dodoma ikawa mahali pa kupelekea vyakula na risasi kwa jeshi lililokuwa upande wa Iringa. Ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Magari yalikwama katika matope. Iliyobaki ilikuwa migongo ya watu. Ndipo mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipoamuru watu wakusanywe kwa wingi katika wilaya, wengi wao kwa nguvu, wakapelekwa huko. Waliwaua homa, kuhara, njaa na uchovu zaidi ya risasi. Hesabu za serikali ya Uingereza zenyewe zilikubali wapagazi zaidi ya 40,000 waliofariki, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000 au kuizidi.

Nilikaa Dodoma siku moja. Niliuliza, nikatembea, nikatazama mawe ya makaburi. Sikuliona jina la baba wa babu yangu, wala jina la mpagazi yeyote wa kwetu. Jioni nilikaa stesheni nikaitazama barabara inayoelekea kusini, nikawaza juu ya mvua ile aliyoitaja jamaa yetu. Miaka michache baadaye, mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake kwamba watu zaidi ya 100,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, na huenda wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Nilipoisoma taarifa hiyo nilielewa kwamba kule Dodoma nilitafuta jina ambalo halikuandikwa kamwe.

Tabora nilikaa siku mbili, ili kulipa deni la usingizi wa safari ya kwanza. Karibu na mji, huko Kwihara, kuna nyumba ya tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa, nayo imefanywa makumbusho. Lakini Tabora ina habari nyingine pia: ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyekataa kutawaliwa na Wajerumani. Walipoivunja boma yake mwezi wa Januari 1893, aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani. Nyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara, na mwenye kuishika alishika ushuru wa njia nzima. Basi usidhani vita ile ilikuwa ya heshima tupu. Ilikuwa pia juu ya nani atawale mizigo na wabebaji wake.

Baada ya Tabora gari hupita Urambo, iliyokuwa makao ya Mirambo, mtemi shujaa aliyefariki mwaka 1884. Sikuteremka. Nilisimama mlangoni mwa behewa gari lilipopumzika, nikatazama, nikaridhika. Jifunze na hilo: pengine mahali panahitaji siku mbili, na pengine pahitaji dakika kumi tu ukiwa macho.

Mwisho wa reli ni Kigoma, na karibu yake ni Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Pamewekwa ukumbusho chini ya miembe. Stanley hakufika peke yake. Aliondoka Bagamoyo na watu karibu 200, wengi wao wapagazi, na kiongozi mmojawapo alikuwa yule yule Bombay. Nilipokuwa hapo nilijaribu kuihesabu ile picha maarufu upya: wanaume wawili wanaoamkiana mbele, na nyuma yao watu ambao bila wao amkio lile lisingekuwako.

Sasa nikueleze hesabu ya siku, maana ndoto isiyohesabiwa haifiki stesheni. Gari la kwenda bara haliondoki kila siku. Kwa hiyo siku ya gari ndiyo itawale, na siku za kutazama zipangwe kuizunguka. Ulizia stesheni, usitegemee karatasi ya mwaka jana, hasa wakati wa masika, kwa kuwa mvua huweza kuikata reli. Jua pia kwamba tangu mwaka 2024 iko reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam, kupita Morogoro, hata Dodoma. Huenda kwa saa chache, na mwenye haraka atafurahi. Ukichagua ya mwendo kasi, acha saa zilizookolewa zikae Dodoma. Usizitumie kuongeza mahali pengine katika orodha.

Safari yangu ya pili ilikuwa ya siku kumi na sita, na mahali saba tu. Nilitenga siku mbili tupu zisizo na kazi, na zote mbili zililiwa na kuchelewa. Kurudi sikufuata njia ile ile: kutoka Kigoma nilirudi Tabora, nikachukua tawi la reli liendalo Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, na kutoka Mwanza nikapanda basi hata Isebania, nikawa nimeingia Kenya. Chukua pasi yako ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chakula cha kutosha siku mbili, ingawa katika kila kituo utauziwa mahindi, karanga na mayai. Chukua daftari. Picha ni nzuri, lakini daftari hukulazimisha kuuliza jina la kitu.

Nilipofika nyumbani baba aliniuliza, "Umemwona?" Nikamjibu, "La, baba, sikumwona. Lakini nimeiona njia aliyopita." Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nichukue kalamu. Akanitajia jina la baba wa babu yangu, na jina la baba yake, na kijiji, na majina ya vijana wengine wanne wa kijiji kile waliochukuliwa siku moja naye. Nikayaandika yote. Miaka yote ile nilikuwa nimeishi karibu na majina hayo bila kuyauliza.

Nawe, msomaji wangu, huenda hutapata nauli ya kwenda Kigoma mwaka huu. Si neno. Swali halina nauli. Waulize wazee wa kwenu nani alichukuliwa, nani alirudi, nani aliijenga barabara ipitayo mbele ya shule yenu. Andika majina. Kisha fungua ramani, uweke swali lako juu ya karatasi, na siku utakapopata fedha utajua pa kuteremka.